Yule Maskini Anaitwa Nani?

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya kamati za sharika na wageni wafadhili, mkoani Kagera, wakati wa maandalizi ya Sikukuu ya Mavuno. Tumeyafupisha kidogo ili yaenee katika kurasa hizi.



Tulipoombwa kuzungumza juu ya familia na sikukuu, huenda wengine walitegemea tulete hesabu za mnada. Hesabu mtazipata katika taarifa ya mhazini. Sisi tumekuja na habari ya binti yetu, ambaye mwaka 2016 alikuwa na umri wa miaka minne, na ya sikukuu mbili tulizompeleka katika nchi ya Ujerumani. Mwishoni tutarudi hapa nyumbani, kwa sababu somo lenyewe linatuhusu sisi.

Majira ya majani kupukutika

Wengi wenu mnafahamu kwamba mmoja wetu alikwenda masomoni katika mji wa Wuppertal, magharibi mwa Ujerumani. Tulifika Agosti 2016, wazazi wawili na mtoto. Mji huo uko katika bonde refu, na tangu mwaka 1901 una treni inayoning'inia chini ya reli yake, juu ya mto Wupper. Binti yetu aliiita treni ya popo, na kwa wiki za kwanza hiyo ndiyo ilikuwa matembezi yetu ya familia: kupanda kituo kimoja, kushuka, na kurudi.

Mwezi wa Septemba ulipoisha, majani ya miti yakaanza kugeuka manjano na mekundu, kisha yakapukutika. Vitabu vyetu vya shule huyaita majira hayo vuli, lakini si vuli yetu ya mvua na kupanda. Ni wakati wa kumaliza kuvuna na kufunga milango. Kila wiki mchana unapungua. Ifikapo tarehe 11 Novemba jua linazama kabla ya saa 11 jioni, na mtoto anaweza kutoka chekechea gizani. Kwa mtoto aliyezaliwa hapa kwetu, ambako jua halibadilishi saa zake, jambo hilo lilikuwa la kutisha. Alituuliza kama jua limeugua.

Bibi mmoja jirani yetu ndiye aliyetufundisha kutoka na mtoto katika majira yale. Alituambia tumvike nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, kama maganda ya kitunguu, ili tuweze kumvua au kumwongeza. Tumlishe kabla ya kutoka, tubebe chai ya moto kwenye chupa, na tujue choo kiko wapi kabla hajaomba. Neno lake la mwisho ndilo tulilolishika zaidi: mtoto akichoka, sikukuu imekwisha, hata kama wakubwa hawajamaliza.

Matofaa matatu na koti moja

Sharika nyingi za Ujerumani huadhimisha Sikukuu ya Mavuno Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Mwaka ule ilikuwa tarehe 2. Jumamosi tulikwenda sokoni na mtoto, akachagua mwenyewe matofaa matatu na kuyaweka kwenye kikapu kidogo. Kanisani tulikuta madhabahu imezungukwa na maboga, viazi, kabichi, zabibu, mikate na masuke ya ngano. Mwanzoni kabisa mwa ibada watoto waliitwa mbele, kila mmoja akaweka alichobeba. Binti yetu aliweka matofaa mawili, la tatu akarudi nalo akilitafuna. Hakuna aliyemkemea. Ibada haikuzidi saa moja, kisha watu wote wakaenda ukumbini kunywa supu ya maboga.

Huko ukumbini mama mmoja mwenye moyo mwema alikuwa ameona kwamba mtoto wetu hana koti la baridi. Akaleta koti jekundu, zuri, karibu jipya. Tuliitwa mbele, watu wakanyamaza, mtoto akavikwa koti, watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akapiga picha. Tulishukuru kwa maneno machache ya Kijerumani tuliyokuwa nayo, tukarudi kuketi. Ile supu haikushuka vizuri kooni.

Wiki tatu baadaye tuliikuta picha ile katika kijarida cha pale. Chini yake yalikuwa maneno machache tu: mtoto kutoka Afrika akipokea koti. Jina halikuwapo, wala la mzazi, wala la nchi. Hakuna aliyekuwa ametuuliza kama tunakubali picha itolewe.

Ndugu zetu, tunaomba mtuelewe. Koti lile lilimkinga mtoto na baridi yote ya mwaka ule, na mama yule tunamwombea hadi leo. Lililotuuma ni kusimamishwa mbele za watu, na yale maandishi. Usiku ule tulikubaliana kwamba hatutampeleka tena mtoto kwenye sikukuu za watu. Tutafanya kazi, tutasali, tutakaa nyumbani.

Taa ya samaki

Lakini mtoto alikuwa na taa. Katika Ujerumani, hasa sehemu za magharibi, watoto wa chekechea hutengeneza taa za karatasi kwa ajili ya Sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Jioni moja wazazi huitwa chekechea, wakakaa kwenye vile viti vidogo na watoto wao, wakakata karatasi na kubandika. Zamani ndani ya taa uliwekwa mshumaa; siku hizi wengi huweka balbu ndogo ya betri kwenye kijiti. Sehemu nyingine watoto waliwahi kuchonga taa zao kutoka kwenye viazisukari vikubwa vya mifugo, wakavitoboa macho na mdomo. Binti yetu alichagua samaki. Alisema ni sato wa Ziwa Victoria, na anataka Wajerumani wamwone.

Taa ile ilining'inia mlangoni kwetu siku tisa. Kila asubuhi aliuliza kama leo ndiyo siku. Tulimtazama, tukatazamana sisi wenyewe, tukaona kwamba uchungu ni wetu, si wake. Tukaamua kwenda.

Martin huyu ni nani?

Tuseme kidogo habari zake, maana sisi Walutheri wengi tunalijua jina hilo kwa mtu mwingine. Martin alizaliwa karibu na mwaka 316 katika mji ambao leo uko Hungaria, akawa askari wa jeshi la Kirumi. Wakati wa baridi kali, kwenye lango la mji wa Amiens, ulioko kaskazini mwa Ufaransa ya leo, alimkuta maskini asiye na nguo. Watu walikuwa wakimpita. Martin hakuwa na kitu ila silaha zake na joho lake. Akachomoa upanga, akalikata joho vipande viwili, akampa maskini nusu na yeye akajifunika nusu iliyobaki. Mwandishi Sulpicius Severus, aliyemfahamu Martin, ameandika kwamba baadhi ya waliosimama pale walimcheka kwa jinsi alivyoonekana na nguo iliyokatwa. Usiku aliota amemwona Kristo amevaa ile nusu. Baadaye alibatizwa, na mwaka 371 akawa askofu wa Tours. Alifariki mwaka 397 na kuzikwa tarehe 11 Novemba.

Miaka mingi baadaye, tarehe 10 Novemba 1483, mtoto alizaliwa katika mji wa Eisleben. Kesho yake, siku ya Mtakatifu Martin, akabatizwa na kupewa jina la siku hiyo. Huyo ndiye Martin Luther. Kwa hiyo Mlutheri akisikia habari ya joho hajaingia katika nyumba ya jirani; yumo katika nyumba ya wajina wa baba yake.

Nusu ya mkate

Ijumaa ya tarehe 11 Novemba tulimlaza mtoto mchana, tukamlisha ugali saa 10, tukamvika maganda yake ya kitunguu na lile koti jekundu juu, tukatoka. Barabara ilikuwa imefungwa magari. Mamia ya taa ndogo zilikuwa zikitembea gizani: nyota, miezi, nungunungu, na samaki mmoja wa Ziwa Victoria. Mbele alitangulia mtu juu ya farasi mweupe, amevaa kofia ya chuma na joho jekundu. Nyuma yake walifuata wapiga tarumbeta, na sisi tuliolelewa na tarumbeta za kanisani tulijisikia nyumbani kwa mara ya kwanza. Wakatoliki na Walutheri walitembea pamoja, na watoto wa Kiislamu wa darasa la binti yetu walikuwapo na taa zao.

Tulikumbuka kwetu. Novemba ni mwezi wa senene, na watoto wa Bukoba nao wakati huo huzunguka taa usiku, wakikimbia na chupa na mifuko, wazazi wakiwaita warudi na wao hawasikii. Tulimsimulia binti yetu tukiwa tunatembea. Akainua taa yake juu ili senene waje.

Maandamano yaliishia uwanjani, palipokuwa na moto mkubwa uliolindwa na zimamoto. Mtu wa farasi akakata joho lake, akampa nusu kijana aliyekaa chini amevaa gunia. Kisha watoto wakapanga foleni kupokea Weckmann, mkate mtamu wenye umbo la mtu, macho yake zabibu kavu, na mara nyingi ameshika kiko kidogo cha udongo. Tulipofika mezani tukaombwa kadi. Kumbe kadi za mkate zilikuwa zimeuzwa chekechea wiki moja kabla. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa Kijerumani, nasi tulilipita kila siku bila kulisoma. Mikate ilikuwa imehesabiwa. Binti yetu akabaki na mikono mitupu, mdomo ukianza kutetemeka.

Hapo akaja mtoto wa kike wa darasa lake. Alimwita binti yetu kwa jina lake, kwa sauti, akauvunja mkate wake katikati, akampa upande wenye kichwa. Yeye akabaki na miguu. Wakasimama pamoja karibu na moto wakala. Hakuna aliyepiga makofi, wala mtu mzima mwingine hakuona, ila sisi wawili na mama wa yule mtoto, ambaye alitupungia mkono tu.

Tulikaa nusu saa. Alipoanza kupiga miayo tukaondoka, ingawa tarumbeta zilikuwa zikiendelea. Tulitii neno la bibi jirani.

Swali la kitandani

Nyumbani, tulipokuwa tunamvua maganda yake, alituuliza: "Yule maskini anaitwa nani?"

Tulimjibu kwamba kitabu hakikutaja jina lake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Si wangemwuliza?"

Hatukuwa na jibu. Kila mwaka mamia ya maelfu ya watoto hubeba taa kwa ajili ya habari ile. Jina la mpaji wanalijua, na katika ile ndoto Kristo mwenyewe alimtaja Martin kwa jina. Jina la mpokeaji halimo. Tulipozima taa tulikumbuka Luka sura ya 16. Katika mfano ule Bwana wetu alimtaja maskini kwa jina, Lazaro, aliyelala mlangoni. Tajiri ndiye aliyebaki bila jina. Sisi wanadamu kwa kawaida tunafanya kinyume chake.

Sisi wenyewe tulifanya nini?

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya safari ile mmoja wetu alikuwa katibu wa kamati ya usharika kwa miaka mitano. Mnaijua siku ya mavuno yetu: mikungu ya ndizi, maharage, kahawa, kuku waliofungwa miguu, na yai moja linalonunuliwa, likarudishwa, likanadiwa tena hata mara kumi kwa ajili ya kazi ya Mungu. Ni furaha kubwa. Lakini baada ya mnada, saa 8 au saa 9 mchana, tulikuwa tunawapanga watoto yatima mstari mmoja mbele ya kanisa. Walikuwa hawajala tangu asubuhi. Tuliwakabidhi sare za shule mbele ya usharika wote, tukapiga makofi, tukapiga picha. Tukazituma kwa wafadhili na kuandika chini yake: watoto yatima wakipokea sare.

Majina yao tulikuwa nayo katika daftari. Ni watoto wa majirani zetu, wengine tulihudhuria ubatizo wao.

Tuliporudi mwaka 2018 tulimtafuta mmoja wa watoto wale, ambaye sasa alikuwa kijana. Tulimwuliza anakumbuka nini. Alisema anakumbuka sare ilimtosha vizuri. Kisha akasema kwamba mwaka uliofuata, siku ya mavuno, alijificha migombani mpaka watu walipotawanyika, asije akaitwa tena mbele. Tulimwomba msamaha. Leo tunauomba tena mbele yenu, kwa sababu kamati zetu zote zimefanya hivyo, na wafadhili wetu wamezipokea picha hizo bila kuuliza.

Tunayopendekeza

Wapendwa, Mungu alipoagiza sikukuu za mavuno katika Kumbukumbu la Torati sura ya 16, aliwataja watoto wa kiume na wa kike, watumishi, wageni, yatima na wajane, wote washerehekee pamoja. Na katika Kutoka sura ya 12 maagizo ya sikukuu yanategemea kwamba mtoto atauliza maana yake. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unasema mtoto ana haki ya jina, na pia haki ya kupumzika, kucheza na kushiriki katika utamaduni. Kwa hiyo tunaziomba kamati zijadili mambo haya machache kabla ya mavuno yajayo:

1. Matoleo ya watoto yatangulie, mwanzoni mwa ibada, wakiwa bado na nguvu.

2. Kila mtoto abebe kitu kwa mkono wake, hata yai moja au ndizi mbili. Asiye nacho apewe na jirani siku moja kabla, kimya kimya, naye aje kama mtoaji.

3. Watoto wale kabla ya mnada kuanza. Pawepo kivuli, maji na choo kinachojulikana. Mama anayeondoka mapema na mtoto aliyechoka asisemwe.

4. Sare, madaftari na misaada mingine ifikishwe nyumbani na mtu anayemjua mtoto kwa jina, siku ya kawaida.

5. Matangazo yasibandikwe tu. Yasomwe kwa sauti, na mgeni au asiyejua kusoma atafutwe aambiwe. Sisi tulikosa mkate kwa sababu ya karatasi ukutani.

6. Picha isipigwe bila mzazi au mlezi kuulizwa, na mtoto naye aulizwe. Hatusemi majina ya watoto yachapishwe. Usiri wao ulindwe. Tunachoomba ni kwamba anayetoa na anayepiga picha wawe wamezungumza na mtoto, na wamlijue jina lake hata kama halitaandikwa.

Kwa wageni wetu wafadhili tuna ombi moja. Msiache kutoa. Joho lisipokatwa, maskini anakufa kwa baridi langoni. Lakini mkitutembelea, msitudai picha ya mstari wa watoto. Njooni siku ya mavuno na familia zenu, mbebe ndizi zenu, mpige foleni ya chakula pamoja nasi, na watoto wenu wacheze na wetu mpaka wajuane majina. Martin alibaki na nusu ya joho na akachekwa. Yeye na yule maskini walihisi baridi ile ile. Na yule mtoto wa Wuppertal alibaki na miguu ya mkate.

Sisi kamati nasi tusiseme kwamba haya ni mambo madogo ya watoto. Tulikaa miaka mitano na daftari lenye majina, na ilibidi mtoto wa miaka minne atuulize.

Binti yetu sasa ni mkubwa. Ile taa ya samaki ilichanika zamani, lakini kijiti chake tunacho. Jirani zetu wa kijiji wanajua kwamba siku ya mavuno yeye ndiye anayesimama mlangoni mwa kanisa kuwapokea watoto wadogo na vikapu vyao. Kila anayefika, anamwuliza jina kwanza.

Mungu azibariki sharika zetu, na ayabariki mavuno ya mwaka huu.